Kijana wa Bara ya Mombasa na Kazi ya Polisi: Jitayarishe Kabla Tangazo Halijatoka

(Mazungumzo ya afisa mstaafu wa polisi mbele ya vijana na wazazi wa Likoni)



Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliotoka Mtongwe, Timbwani, Bofu na Shika Adabu, na wenzenu mliovuka kutoka Kisauni na Changamwe, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa niseme kuhusu kazi ya polisi: mtu anaingiaje, na anaingia kwenye nini. Nitasema wazi, kwa sababu kila usajili ukipita tunabaki na malalamiko yale yale.

Kwanza tuondoe dhana moja. Serikali ya kaunti haiajiri polisi. Askari wa kaunti mnaowaona sokoni na kwenye stendi ni wa kaunti, lakini polisi ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo mtu akikwambia ana mjomba katika ofisi ya kaunti atakayekupa nafasi ya ukonstebo, huyo anataka pesa zako.

Nafasi zenyewe hutangazwa hadharani na usajili hufanywa kila kaunti ndogo. Mwaka 2025 zilitangazwa nafasi 10,000 kwa nchi nzima. Usajili ulipangwa mwanzoni mwa Oktoba, ukasimamishwa na mahakama, kisha ukafanyika tarehe 17 Novemba, siku moja tu. Hapo pana funzo. Siku inaweza kusogezwa mbele, na ikifika huja kwa haraka. Anayeanza kutafuta stakabadhi tangazo likishatoka, mara nyingi amechelewa.

Masharti ya konstebo katika usajili huo yalikuwa haya. Uwe raia wa Kenya mwenye umri wa miaka 18 hadi 28. Uwe na wastani wa D+ katika mtihani wa KCSE, na D+ katika Kiswahili au Kiingereza. Mwanamume awe na urefu wa futi 5 na inchi 8, mwanamke futi 5 na inchi 3. Uwe na afya njema, na usiwe na rekodi ya uhalifu. Msichana asiwe mjamzito wakati wa kuajiriwa wala wakati wa mafunzo. Siku yenyewe mtapimwa urefu, mtakaguliwa mwili, na mtakimbia. Mbio hazifunzwi usiku mmoja. Ufuo mnao na viwanja mnavyo, anza leo.

Sasa nije kwenye stakabadhi, maana hapa ndipo vijana wetu wengi huangukia kabla hata hawajapimwa urefu.

La kwanza ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanajuma, cha shule kinasema Juma, kitambulisho kina jina la babu ambalo halimo katika vile vingine. Kaeni na watoto wenu jioni moja, mpange vyeti vyote juu ya mkeka, msome jina kwa jina, herufi kwa herufi. Pakiwa na tofauti, nendeni mkaulize katika ofisi ya usajili wa watu au kwa wakili mapema, marekebisho yafanywe. Siku ya usajili hakuna afisa mwenye muda wa kusikiliza historia ya ukoo.

La pili ni cheti cha KCSE kilichobaki shuleni kwa sababu ya karo. Najua wako wengi humu. Sheria ya Baraza la Mitihani la Kitaifa ya mwaka 2012 hairuhusu cheti cha mtahiniwa kuzuiliwa. Deni ni deni, na mzazi mwungwana hulipa, lakini cheti ni cha mtoto. Nenda shuleni kwa heshima, uandike barua, ubaki na nakala yake. Ukikataliwa, peleka barua hiyo kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

La tatu ni cheti cha mwenendo mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Hili linawatia hofu vijana wa huku bara. Kisauni imesumbuliwa na magenge ya vijana wenye mapanga, na misako ikifanywa, hukamatwa wenye hatia na waliokuwa wamekaa maskani tu. Fahamuni kwamba kukamatwa si hukumu. Katiba, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa hana hatia hadi mahakama iamue vinginevyo. Kama ulishtakiwa ukaachiliwa, au kesi ikaondolewa, chukua nakala ya uamuzi huo mahakamani uiweke vizuri, kwa kuwa ndiyo itakayokutetea jina lako likiibuka. Na wewe ambaye bado hujaguswa na genge lolote, jiulize kabla ya kushika panga la rafiki, hata kama ni la kupiga picha tu.

Nije kwenye hongo. Wazazi wameuza mashamba na akina mama wametoa akiba ya chama ili kumnunulia mtoto nafasi. Mwaka 2014 taifa zima liliona matokeo yake. Makurutu 10,000 walisajiliwa mwezi wa Julai. Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ikaenda mahakamani ikisema usajili ulijaa ufisadi na ukiukaji wa taratibu. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikaufuta usajili wote, na mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Waliotoa pesa na wasiotoa, wote walirudi kwenye mstari. Hebu fikirieni yule aliyekuwa ameuza shamba. Angemdai nani, na kwa risiti gani?

Tena Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamhesabu mtoaji na mpokeaji kuwa wahalifu sawa. Adhabu inaweza kufika miaka 10 gerezani, au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Usajili ni bure. Ukiombwa pesa, piga ripoti kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, EACC. Laini yao ya bure ni 1551. Kuna hasara nyingine pia. Konstebo aliyeingia kwa deni atalilipa barabarani, kwa makanga wa matatu na mwenye bodaboda. Hongo unayotoa leo ni wewe mwenyewe utakayekuja kudaiwa kesho.

Sasa niseme neno gumu. Kuna mama humu ambaye akisikia mwanawe anataka kuwa polisi, moyo unamwenda mbio. Pwani imepoteza vijana. Shirika la Haki Africa, lililoko hapa Mombasa, lilitoa ripoti mwaka 2016 yenye makumi ya visa vya watu waliouawa au kupotea, familia zao zikidai majibu kwa vyombo vya usalama. Siwezi kusimama mbele yenu nikajifanya hayo hayakusemwa.

Lakini tusome Katiba. Kifungu cha 244 kinaitaka Huduma ya Kitaifa ya Polisi izuie ufisadi, iheshimu haki za binadamu, na ijenge uhusiano mwema na jamii. Kifungu cha 246 kinataka sura ya polisi ioneshe maeneo na makabila yote ya Kenya. Maneno hayo yanahitaji watu wa kuyatekeleza. Mama mzee wa Shika Adabu akifika kituoni usiku kuripoti, anahitaji afisa atakayemwelewa Kidigo chake, aandike taarifa yake sawasawa katika kitabu cha matukio, na ampe nambari ya OB bila kumzungusha. Aliyekamatwa anahitaji konstebo anayejua kwamba ni lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Tukiwazuia watoto wetu waungwana, nafasi hizo hazitabaki wazi. Watazijaza wengine.

Na wewe unayeingia, jua kwamba hutakaa Likoni. Utapelekwa mafunzo Kiganjo au kwingineko, kisha unaweza kupangiwa Turkana, Mandera au Busia. Utafanya zamu ya usiku, sikukuu utakuwa kazini, na mshahara wa kuanzia si wa kujengea ghorofa. Ukipewa amri iliyo kinyume cha sheria, utajibu wewe binafsi, kwani IPOA humchunguza hata konstebo. Ukiyasikia hayo na bado unataka, basi unafaa kujaribu.

Usipochukuliwa, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kuna Huduma ya Vijana kwa Taifa, Magereza, na Walinzi wa Pwani ambao walizinduliwa hapa hapa Liwatoni mwaka 2018. Bahari tunaijua, huko nako tuna haki ya kuonekana.

Nawaomba leo mkifika nyumbani mtoe vyeti sandukuni mvisome.