Kompyuta Ndogo ya Michezo: Soma Lebo Kabla ya Kutoa Fedha

Mwenye karatasi ya somo aishike mbele yake, asome pamoja nami. Asiyejua neno aweke alama ya penseli, na mwalimu wa darasa atalieleza baadaye.

Leo tunakwenda Usinge, wilaya ya Kaliua, mkoa wa Tabora, katika reli iendayo Kigoma. Tuseme wewe ni mkulima wa tumbaku huko. Umekwisha kulipwa fedha za msimu. Jioni unapumzika nje ya nyumba, na kijana wako anakujia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Una neno?"

"Nina neno, baba. Naomba unisaidie fedha ninunue kompyuta. Nataka kompyuta ndogo, ikae juu ya meza, inayoweza kuchezesha gemu la mpira. Wenzangu watalipa kidogo kidogo wakija kucheza, nami asubuhi nitaitumia kwa masomo."

Utamjibu nini? Wazazi wengi husema, "Hayo ni mambo ya vijana, mimi siyajui." Kisha hutoa fedha wakiwa wamefumba macho, au hukataa wakiwa wamefumba macho. Njia zote mbili si nzuri. Fedha ni zako, na jasho ni lako. Nami nitakuonyesha kwamba anayejua kusoma maneno machache na kujumlisha namba anaweza kuichagua kompyuta vizuri.

KOMPYUTA NI MSAFARA

Kwanza tukumbuke habari za zamani. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo ilisafiri kwa vichwa na mabega ya watu. Misafara ilitoka Bagamoyo ikafika Tabora, kisha mingine ikaendelea magharibi mpaka Ujiji. Wanyamwezi walisifika sana kwa kazi ya upagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Mwenye msafara alipima mizigo kabla ya safari, kwa sababu mpagazi aliyezidiwa alianguka njiani na wenzake wote wakasimama. Tena msafara haukwenda kwa mwendo wa mtu wa mbele mwenye mbio. Ulikwenda kwa mwendo wa mtu wa nyuma aliyechoka.

Kompyuta ni hivyo hivyo. Ina viungo sita vikubwa, navyo husafiri pamoja. Ukinunua kimoja cha bei kubwa sana na kingine dhaifu, kile dhaifu ndicho kitakachoshika mwendo wa wote. Haya, tuvitaje.

Cha kwanza ni prosesa. Hiyo ndiyo akili inayopiga hesabu. Cha pili ni ubao mama, ambao mafundi huuita madabodi. Viungo vingine vyote huchomekwa hapo. Cha tatu ni ram. Hii ni meza ya kufanyia kazi; meza ikiwa ndogo, kazi huenda polepole. Cha nne ni diski, yaani ghala la kuwekea michezo na barua. Cha tano ni kadi ya picha. Hii huchora picha zinazokwenda mbio kwenye kioo, na katika michezo ndiyo yenye kazi kubwa. Cha sita ni pawa saplai, chombo kinachopokea umeme wa ukutani na kuwagawia wote.

MPYA AU YA MTUMBA?

Mwenye fedha chache ana njia mbili nzuri.

Njia ya kwanza ni kununua kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika ofisini, halafu kuiongezea kadi ya picha. Kompyuta hizo huuzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na katika miji mingine. Ofisi nyingi za ng'ambo zimeziacha si kwa kuwa zimekufa. Mwaka 2021 ilitoka Windows 11, nayo haikubali rasmi prosesa nyingi za zamani. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ikaondolewa katika matunzo ya kawaida ya kampuni yake. Kwa hiyo kompyuta ya zamani bado inafanya kazi, ila ujue kwamba pengine itakubidi kuweka Linux, ambayo haina malipo. Muulize kijana kama gemu analolitaka hukubali Linux, kwa maana si yote hukubali.

Njia ya pili ni kununua prosesa ambayo ndani yake mna uwezo mzuri wa kuchora picha, usinunue kadi ya picha kabisa. Mfano wake ni AMD Ryzen 5 5600G iliyotoka mwaka 2021. Haifikii kadi nzuri, lakini inatosha kwa michezo mingi ya kawaida. Ukishika njia hii, nunua ram vijiti viwili vinavyofanana, usinunue kimoja. Prosesa na picha hula sahani moja, na vijiti viwili ni kama milango miwili ya kupitishia chakula.

TUSOME NAMBA ZA PROSESA

Sasa tazama maandishi haya: i5-4570. Na haya: i5-8500. Muuzaji anaweza kusema, "Zote ni i5, mzee wangu, ni sawasawa." Si sawasawa. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari. Ya kwanza ni 4, maana yake kizazi cha nne. Ilitoka mwaka 2013. Ya pili ni 8, maana yake kizazi cha nane. Ilitoka mwaka 2018. Ile ya nne ina viini vinne vya kupigia hesabu, na ile ya nane ina viini sita. Pia Windows 11 huanza kukubali prosesa za namna hii tangu kizazi cha nane. Waona? Tarakimu moja tu, na ndani yake kuna miaka mitano.

Ram nayo ina jina lake. Ile i5-4570 hutumia DDR3. Ile i5-8500 hutumia DDR4. Vijiti hivyo haviingiliani, kwa sababu pengo lililokatwa katika kijiti haliko mahali pamoja. Usikilazimishe kwa nguvu, utavunja. Kwa michezo ya siku hizi tafuta GB 16, na ukikosa fedha anza na GB 8, ukiacha tundu moja wazi la kuongezea.

JINA MOJA, VITU VIWILI

Hapa ndipo wengi hupotezea fedha zao. Iko kadi ndogo ya picha iitwayo GT 1030. Ziko za aina mbili, na jina ni hilo hilo moja. Moja ina kumbukumbu ya GDDR5, nayo hupitisha GB 48 kwa sekunde. Nyingine ina kumbukumbu ya DDR4, nayo hupitisha GB 17 hivi tu. Nje zinafanana kama mapacha. Asiyesoma hununua ile dhaifu, akarudi nyumbani akidhani kompyuta nzima ni mbovu. Mwenye kusoma hutazama lebo, huona herufi G mbele ya DDR5, hulipa na kuondoka.

Zipo pia kadi za bandia, zilizoandikwa jina kubwa ndani yake kumbe ni ndogo. Mwombe muuzaji aifungue programu ya bure iitwayo GPU-Z. Kadi nyingi za namna hiyo, programu hii huzitambua na kuandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. Maana yake ni "ya bandia". Ukiliona neno hilo, rudisha fedha mfukoni.

PIMA MZIGO KABLA YA SAFARI

Kompyuta ndogo ina kasha dogo na pawa saplai ndogo. Kwa hiyo pima mambo mawili: nafasi na umeme.

Nafasi kwanza. Kasha lenye upana wa sentimeta 10, urefu wa 30 na kimo cha 30 lina ujazo gani? Zidisha: 10 mara 30 mara 30 ni 9,000. Gawa kwa 1,000, utapata lita 9. Haifiki hata ndoo ndogo ya maji ya lita 10. Katika kasha jembamba namna hiyo, kadi ya kawaida haiingii. Bamba lake la nyuma lina kimo cha sentimeta 12, na kasha linataka bamba fupi la sentimeta 8 hivi. Chukua rula na upime. Maneno ya muuzaji hayana sentimeta.

Sasa umeme. Umeme wa kompyuta hupimwa kwa wati. Tundu la kadi katika ubao mama hutoa wati 75, hazizidi hapo. Kadi inayotaka zaidi lazima iwe na waya wake kutoka pawa saplai, na kompyuta nyingi ndogo za ofisi hazina waya huo. Haya, tujumlishe.

Prosesa, wati 65.
Kadi ya picha, wati 75.
Vingine vyote, tuseme wati 40.
Jumla, wati 180.

Pawa saplai imeandikwa wati 240. Toa 180, zinabaki 60. Mpagazi huyu atafika salama. Lakini tuseme kijana ametamani kadi ya wati 120, na prosesa yake ni ya wati 84. Jumlisha: 120 na 84 na 40 ni 244. Mpagazi amezidiwa. Kompyuta itazimika katikati ya mchezo, au pawa saplai itaungua. Tena pawa saplai za kompyuta hizi mara nyingi zina umbo lake peke yake, na ya kawaida ya dukani haiingii mahali pake.

Katika kadi fupi zinazotosheka na umeme wa tundu, iko GTX 1650 iliyotengenezwa kwa bamba fupi, nayo hutumia wati 75. Iko pia RX 6400 inayotumia wati 53. Hii ya pili hupungua mwendo ikichomekwa katika ubao mama wa zamani, basi uliza kwanza.

Na wanaotumia sola? Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Betri ya risasi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo una wati-saa 600. Kompyuta na kioo vikila wati 150, gawa 600 kwa 150. Ni saa nne, na kwa kuwa inveta nayo hula, hazitimii hata nne. Ukitaka kutoza watu fedha, hesabu hiyo uijue kabla, usije ukafunga duka saa moja jioni wateja wakiwa mlangoni.

GAWA FEDHA ZAKO

Tuseme umetoa shilingi 800,000. Namba hii ni ya kujifunzia tu. Bei halisi uliza sokoni. Igawe mafungu kumi ya shilingi 80,000. Fungu moja ni nauli na chakula. Mafungu manne ni kompyuta yenyewe. Mafungu matatu ni kadi ya picha. Fungu moja ni ram au diski ya SSD, ile isiyozunguka, ambayo hufungua michezo upesi. Fungu la mwisho usiliguse. Ni la kifaa kitakachokataa. Kioo usinunue kama nyumbani iko televisheni yenye tundu la HDMI.

Kwa nini fungu la akiba? Kwa sababu Usinge si Kariakoo. Kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora pekee, kwa reli ya kati, ni zaidi ya kilomita 800. Mtu wa Ilala akiuziwa kifaa kibovu hukirudisha mchana ule ule. Wewe utakirudisha kwa nauli nyingine. Basi kabla ya kulipa, kompyuta iwashwe mbele ya macho yenu, mchezo uchezwe nusu saa, msikilize feni kama inakwaruza. Kisha dai risiti iliyoandikwa jina kamili na namba ya kila kifaa. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ikifika nyumbani, usiisukume mpaka ukutani. Iachie shubiri moja nyuma ipumue. Na kiangazi, vumbi la Tabora likianza, izime, chomoa waya, ifungue, uifagie kwa brashi laini kila mwezi.

Sasa rudi kwa kijana wako. Usimwambie "siyajui". Mwambie, "Mwanangu, niletee karatasi. Andika kila kifaa, wati zake, sentimeta zake na bei yake. Tutajumlisha pamoja." Akileta karatasi hiyo, ujue amefikiri. Asipoileta, fedha zako zikae sandukuni mpaka ailete.

MASWALI YA DARASA

1. Katika i5-6500, kizazi ni cha ngapi?
2. Prosesa ni wati 65, kadi ni wati 53, vingine ni wati 40. Jumla ni ngapi? Je, pawa saplai ya wati 200 itatosha?
3. GT 1030 ziko za aina mbili. Utatambua vipi ile nzuri?
4. Kwa nini mtu wa Usinge anahitaji fungu la akiba kuliko mtu wa Dar es Salaam?

Andikeni majibu katika madaftari, kisha msomeane. Kwaherini, na masomo mema.