KISU CHA KUKUNJA: KIPI KITAHIMILI KAZI?

(Mazungumzo ya Kamati ya Zana mbele ya wanachama. Yameandikwa hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Mkutano uliopita ulitupa kazi moja: tuangalie visu vya kukunja, tuseme kipi ni imara na kipi si imara, ili fedha za duka letu la ushirika zisiende ovyo. Kazi hiyo si ndogo. Fedha hizo ni jasho la kila mmoja wetu, na zaidi ya fedha kuna vidole. Wote tunamjua mwenzetu ambaye kisu kilimfunga mkononi akikata kamba ya mbuzi. Kisu kilikuwa kipya, kinang'aa, cha bei poa, kutoka gulioni. Leo kidole chake hakikunjiki.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa mvivu anayetafuta kisingizio. Lakini walisema vile vile rahisi huvunja upishi. Basi kwa kisu tuchague, tena kwa macho mawili.

UGUMU NA USHUPAVU NI VITU VIWILI

Watu wengi husema "kisu kigumu" wakidhani wamemaliza. Bado. Kigae ni kigumu, lakini kikianguka kinapasuka. Waya wa kufungia ni mlaini, lakini unaupinda mara nyingi kabla haujakatika. Kisu chema kinatakiwa kiwe katikati: kigumu kiasi cha kushika makali, na kishupavu kiasi cha kutovunjika.

Siri yake iko kwenye kaboni iliyomo ndani ya chuma na kwenye matiko. Chuma chenye kaboni ndogo sana, kama cha msumari, hakishiki makali hata ukinoe mchana kutwa. Chuma chenye kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6 kinakuwa kishupavu. Kikifika asilimia 0.9 au 1 kinashika makali vizuri zaidi, ila kinaanza kuogopa kugongwa na kupindwa.

Mhunzi wetu anaijua habari hii bila kusoma kitabu. Anakitia chuma motoni mpaka kiwe chekundu, kama nyuzi 800 za sentigredi, kisha anakizamisha ghafla. Hapo ni kigumu lakini kinavunjika kama biskuti. Ndipo anakipasha tena moto mdogo, zaidi kidogo ya nyuzi 200, mpaka kiwe na rangi ya manjano ya nyasi kavu. Hapo kinafaa kwa kisu. Kikipita mpaka rangi ya buluu, karibu nyuzi 300, kinakuwa chuma cha springi: kishupavu sana, lakini makali hayadumu.

Kwa hiyo yule anayenoa kisu kwenye jiwe la mota bila maji mpaka kinageuka buluu, huyo anaondoa matiko. Na yule anayechoma kisu motoni atoboe mpira wa kandambili, naye ni hivyo hivyo. Halafu analaumu kiwanda!

UDHAIFU UKO KWENYE KIUNGO

Ndugu wanachama, kisu cha kukunja kina jambo moja ambalo kisu cha mpini hakina: kiungo. Kuna ribiti, na kuna loki inayozuia ubapa usijifunge. Tufanye hesabu kidogo, hesabu ya wenzo, ile ile ya kuinua gogo kwa mti mrefu.

Tuseme kutoka ribiti mpaka ncha ni sentimita 9, na kutoka ribiti mpaka jino la loki ni nusu sentimita. Gawa 9 kwa nusu, unapata 18. Maana yake ukiisukuma ncha kwa uzito wa kilo 10 upande wa kuifunga, lile jino dogo linabeba kilo 180! Hiyo ni karibu magunia mawili ya mahindi juu ya kipande cha chuma kidogo kuliko punje. Ndiyo sababu kisu cha kukunja si cha kuchomea wala cha kukomolea kitu.

Na unene je? Ubapa wa milimita 3 ukipindwa kwa ubavu hauzidi ule wa milimita 2 kwa nusu tu. Nguvu yake ni mara 2 na robo. Lakini ubapa mnene hukata kwa shida, hupasua badala ya kuteleza. Hakuna kisu kinachoshinda kwa kila kitu.

AINA NNE

Sasa tuvilinganishe visu vinavyojulikana duniani.

Kwanza, Okapi. Wazee wanakijua, kile chenye mpini wa mbao wenye nyota na miezi, na pete ndogo mgongoni. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni yake ya Afrika, na nchi yetu wakati ule ilikuwa mojawapo. Miaka ya 1980 kazi ikahamia Afrika Kusini. Chuma chake kina kaboni karibu asilimia 0.55, kwa hiyo ni kishupavu na kinanoleka hata kwa kinoo cha mtoni. Kukifungua kinalia kre-kre-kre. Ubaya wake ni kwamba loki inategemea springi ya mgongoni. Springi ikilegea, au uchafu ukijaa kwenye meno, usiiamini. Na kinashika kutu.

Pili, Opinel cha Ufaransa. Alikianzisha Joseph Opinel mwaka 1890 huko Savoie, nchi ya milima. Ni ubapa, mpini wa mbao na pete ya chuma, basi. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955. Ukiizungusha inaziba njia ya ubapa kurudi. Ni njia rahisi, na karibu hakuna cha kuharibika. Kile cha chuma cha kaboni kina karibu asilimia 0.9, makali yake ni ya ajabu. Lakini ubapa ni mwembamba, na mpini ukilowa unavimba, kisu hakifunguki mpaka ukauke. Shamba la mpunga si mahali pake.

Tatu, Buck 110 cha Marekani, kilichoanza mwaka 1964. Hiki ndicho kizito, karibu gramu 200, na mpini una shaba ya manjano pande zote mbili. Loki yake ni kipande kinene cha chuma kinachoingia kwenye pengo la mgongo wa ubapa. Chuma chake siku hizi kina kromiamu karibu asilimia 13, hakishiki kutu upesi. Kwa nguvu ya kiungo kinawapita hao wawili wa kwanza. Lakini kinavuta mfuko, bei yake ni ya juu, na mchanga ukiingia chini ya loki haikai sawasawa.

Nne, kisu chekundu cha Uswisi. Karl Elsener alianza kuwauzia askari wa nchi yake mwaka 1891. Vile vidogo vya kawaida havina loki kabisa, ni springi tu inayokaza. Ni visafi, vinakata vyema, lakini ni vya kazi ndogo. Atakayekisukuma kwa ncha atajuta.

Na vile vya gulioni? Baadhi vimeandikwa majina makubwa, lakini jina linachongwa popote. Hivyo tuvipime, tusivisome.

KUPIMA KABLA YA KULIPA

1. Kifungue, shika ubapa, tikisa kushoto na kulia. Ukicheza leo kikiwa kipya, mwakani itakuwaje?
2. Kifunge, ukiangalie kwenye mwanga. Ubapa ukae katikati, usiguse ubavu.
3. Kifungue, weka vidole mbali na ufa wa mpini, halafu gonga mgongo wa ubapa polepole kwenye mbao. Kikijifunga, mrudishie mwenyewe.
4. Pitisha tupa kidogo karibu na mpini. Ikiteleza, chuma kina matiko. Ikila kama inavyokula msumari, hicho ni kisu cha kupaka siagi.
5. Tazama ribiti. Kichwa kiwe kimejaa, kisiwe na ufa.

USHAURI WETU

Kamati inaona tusinunue aina moja kwa kazi zote. Kwa kikundi cha kubebesha michungwa na miembe, kisu chembamba chenye makali na loki ya pete kinatosha. Kazi ile haitaki nguvu, inataka mkato safi. Kwa wachungaji na wa shambani, kisu cha kukunja kiwe na loki imara, na kipite vipimo vyote vitano.

Lakini kwa kuchinja, kuchuna ngozi na kukata miti, tunasema wazi: kisu cha kukunja hapana, hata kiwe cha bei gani. Damu na mafuta huingia kwenye kiungo na kuozea humo. Kwa kazi hizo tumpe mhunzi wetu springi za gari atufulie visu vya mpini, na mafundi wa ngozi washone ala. Chuma cha springi ni kishupavu, na fedha itabaki hapa kijijini.

Kila atakayepata kisu akitunze: akikaushe, atoe uchafu kwenye kiungo kwa kijiti, atie tone la mafuta. Akate kuelekea mbali na mwili, na akumbuke kwamba loki ni msaada, si ruhusa ya kuweka vidole kwenye njia ya makali. Wazazi, watoto wafundishwe hivyo kabla ya kukabidhiwa.

Uamuzi ni wa mkutano, siyo wa Kamati. Wapo wanaosema tununue vya bei poa ili kila mwanachama apate mara moja. Hoja hiyo tunaiheshimu, maana haki ni kila mtu apate. Lakini kumgawia mwenzako kitu kitakachomkata mkono siyo kugawana, ni kumtupia mzigo. Afadhali tupate kwa zamu, vilivyo vizima.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Sisi tunaongeza: na mwenye vidole vyote ndiye aishikaye.

Njooni mkutanoni na visu vyenu vya zamani. Tupa na ubao wa kupimia vitakuwapo.

Ushirika ni nguvu.

Kamati ya Zana