Je, Chama cha Wauzaji Chaweza Kuwavuta Watu Chini ya Bahari?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa shule.)



Nimeombwa nizungumze juu ya mchezo wa kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa, na nijibu swali ambalo watu wa kazi hiyo wamebishana juu yake kwa miaka mingi: je, chama cha wafanyabiashara kinaweza kweli kuueneza mchezo huu kwa watu wa kawaida, au huwatumikia wanachama wake tu? Swali laonekana dogo. Lakini kila mmoja wetu humu ama yumo katika chama cha kazi yake, ama ataingia kesho, naye atatozwa ada. Ni vema ajue ada hiyo inanunua nini.

Chama nitakachokieleza ni cha Marekani. Jina lake ni Diving Equipment and Marketing Association, kwa kifupi DEMA. Wenzangu wa pwani naona mmeanza kucheka, maana kwetu dema ni mtego wa samaki. Basi na tuuchunguze mtego huu: unanasa nani?

Kwanza historia kidogo. Kifaa cha kupumulia kilichofungua bahari kwa watu wa kawaida kilitengenezwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau pamoja na mhandisi Émile Gagnan. Baada ya vita kilivuka bahari kikafika Marekani, na viwanda vya miwani, mapezi na mitungi vikaanza kuota. Katika miaka ya 1960 wenye viwanda hivyo wakaunda chama chao. Hapo mwanzo herufi ya M katika jina ilisimama kwa watengenezaji. Baadaye milango ikafunguliwa kwa wenye maduka, mashirika ya mafunzo na wasafirishaji wa watalii, na M ile ikapewa maana ya utafutaji wa soko. Kwa hiyo chama chenyewe kilikiri, kwa jina lake, kwamba kazi yake si kutengeneza vitu tu, bali pia kuwatafuta watu wa kuvitumia.

Sasa tutazame matendo yake. Kazi kubwa na inayojulikana zaidi ni maonyesho ya kila mwaka, ambayo yamekuwa yakifanywa tangu miaka ya 1970, mara nyingi katika miji ya Las Vegas na Orlando. Humo wenye viwanda huonyesha vifaa vipya, wenye maduka huagiza mali ya msimu ujao, na wenye hoteli za visiwani huwatafuta wapelekaji wa wageni. Ni soko zuri, na hapana shaka limeisaidia biashara. Lakini kwa miaka mingi mwananchi wa kawaida hakuruhusiwa kuingia. Yalikuwa maonyesho ya watu wa kazi peke yao. Mtu ambaye hajawahi kuvaa miwani ya kuzamia hakuyaona, wala pengine hakusikia kwamba yalikuwapo. Tena sehemu kubwa ya mapato ya chama hutokana na maonyesho hayo hayo. Basi si ajabu nguvu nyingi ziende huko, kwa kuwa mkulima hupalilia kwanza shamba linalomlisha.

Ili tusikionee, tutaje na mema. Katika miaka ya 2000 chama kiliendesha kampeni ya kuwaalika watu wawe wapiga mbizi, kikazungusha bwawa la kuhamishika kwenye mikusanyiko ya watu ili yeyote apate kujaribu kupumua chini ya maji. Hilo lilikuwa wazo la busara, kwa sababu mchezo huu hauelezeki kwa maneno. Mtu akivuta pumzi ya kwanza chini ya maji, ndipo aelewapo. Kadhalika chama hufuatilia sheria zinazoweza kuwaathiri wapiga mbizi, na kimekuwa kikikusanya hesabu za vyeti vya wanaoanza kutoka kwa baadhi ya mashirika ya mafunzo. Kazi hizo hakuna duka moja lingeweza kuzifanya peke yake.

Lakini tukiuliza ni nini hasa kilichowavuta watu baharini, jibu halielekei kwenye chama. Filamu ya Cousteau iitwayo Le Monde du silence ilishinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956. Mchezo wa televisheni wa Sea Hunt ulionyeshwa Marekani kuanzia 1958 hadi 1961, na vijana wengi walitamani kuwa kama mzamiaji yule. Shirika la mafunzo la NAUI liliundwa mwaka 1960, na PADI mwaka 1966. Televisheni ilileta hamu. Walimu waliigeuza hamu kuwa ujuzi. Maana mtungi wa hewa haununuliwi kama sabuni. Mwanafunzi hujifunza nadharia, hufanya mazoezi bwawani, kisha hupiga mbizi nne za baharini mbele ya mwalimu, ndipo apate cheti cha kwanza, ambacho kwa kawaida humruhusu kushuka hadi mita 18. Tangazo laweza kumfikisha mlangoni. Anayemfikisha chini na kumrudisha salama ni mwalimu.

Na hapa ndipo penye kasoro kubwa. Samaki akiingia kwenye dema hatoki. Mpiga mbizi huingia, akapewa cheti, akatoka zake, na wengi hawarudi tena baharini baada ya likizo moja. Ukihesabu vyeti peke yake utaona mtego umejaa, kumbe una tundu.

Ipo sababu nyingine, nayo inakihusu kila chama cha hiari. Mwanachama anayelipia tangazo la kuusifu mchezo mzima analipia pia faida ya mshindani wake, na hata ya yule asiye mwanachama. Kwa hiyo kila mmoja hungoja mwenzake atangulie kutoa. Wauza maziwa wa California walilitatua jambo hili mwaka 1993 kwa kutozana senti 3 kwa kila galoni, wakapata fedha za kutosha kwa matangazo yaliyopata sifa kubwa. Hata hivyo unywaji wa maziwa kwa kila mtu nchini Marekani uliendelea kushuka. Ikiwa tangazo lenye fedha nyingi halikutosha kwa maziwa, kitu kinachonywewa mezani, chama chenye fedha chache kitaweza nini kwa mchezo wenye gharama, mafunzo na hofu ya kina kirefu?

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kama soko la wafanyabiashara, chama hiki kimefaulu. Kama mpiga mbiu kwa umma, kimefanya kidogo, na kwa jinsi kilivyojengwa hakingeweza kufanya mengi. Tusikilaumu kwa kazi ambayo ni ya walimu. Wala tusikipe sifa zao.

Kwa nini niyaseme haya hapa? Kwa sababu bahari ni yetu pia. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na ile ya Mafia mwaka 1995. Wageni huvuka mabara kuja kuyaona matumbawe ambayo vijana wengi waliozaliwa hatua chache kutoka ufukweni hawajawahi kuyaona. Siku wenye biashara za kuzamia wa pwani yetu watakapotaka kuungana, waulizane mambo matatu kabla ya kuchapa kadi za uanachama: nani atalipa, nani ataalikwa, na tutahesabu nini. Wakijibu kwamba watalipa wauzaji, wataalikwa wauzaji, na vitahesabiwa vibanda vya maonyesho, basi watakuwa wamejenga soko, nalo soko si dhambi. Lakini wakitaka watoto wa pwani wawe walimu wa kuzamia, na si wabeba mitungi tu, sehemu ya ada na iende kuwafundisha kuogelea.

Wahenga walisema chema chajiuza. Bahari ni njema, nami naamini itajiuza. Ila haiwezi kujifundisha yenyewe.