Namba ya Kampuni: Ijue Kabla Hujatoa Magunia

Ndugu mkulima wa Shishiyu, na ninyi nyote wa mkoa wa Simiyu mnaotusikiliza na mtakaosoma maneno haya baadaye, tumezoea kuongea juu ya nafasi za kupandia, palizi ya mapema na funza wa vitumba. Leo hatuendi shambani. Leo tunakaa pale mazao yanapotoka mkononi mwako kwenda mkononi mwa mtu mwingine, kwa sababu mkulima anaweza kuyashinda magugu, akawashinda wadudu, akaushinda na ukame, halafu akaja kushindwa na karatasi.

Kila msimu wanakuja watu. Mmoja anataka choroko, mwingine dengu, mwingine alizeti. Wengine huleta mbegu na dawa kwa mkopo, na kukuahidi kwamba watanunua mazao yako yote. Wana gari lenye maandishi, wana fulana zenye maandishi, na wana karatasi yenye jina la kampuni na muhuri. Wanasema, "Mzee, leta magunia, tutalipa baada ya wiki mbili." Hiyo ndiyo mali kauli. Swali langu kwako, ndugu mkulima, ni hili: hiyo kauli ni ya nani?

Msimu mmoja wakulima watatu waliniletea karatasi zao za choroko. Walikuwa wameuza pembeni, bila kupitia chama chao cha ushirika, kwa sababu mnunuzi alitaja bei nzuri kidogo. Magunia yao yote pamoja yalikuwa kumi na manne. Siku arobaini zilikuwa zimepita na simu ya mnunuzi ilikuwa haipatikani. Karatasi zote tatu zilikuwa na jina moja na muhuri wa bluu. Tulipolitafuta jina lile katika daftari la usajili hatukulipata. Tulipata majina mawili yanayokaribiana nalo, lakini ni lipi kati ya hayo? Karatasi haikuwa na namba. Polisi waliyaandika malalamiko yao, lakini hapakuwa na mtu wa kumwita. Mama mmoja kati yao alikuwa ameihesabia choroko ile ada ya mtoto wa sekondari.

Basi tuanze na jambo lenyewe. Namba ya usajili wa kampuni ni nini?

Nyinyi ni wafugaji, kwa hiyo mtanielewa upesi. Ng'ombe wawili wanaweza kuwa na rangi moja, pembe za namna moja, hata jina moja. Wakichanganyika malishoni, wenyewe mnawatambua kwa chapa. Jina la kampuni ni rangi ya ng'ombe. Namba ya usajili ni chapa. Majina huweza kufanana, yakapishana kwa neno moja au herufi moja. Namba hupewa kampuni moja tu, na kampuni ikibadili jina lake, namba inabaki ile ile.

Kwa upande wa Tanzania Bara, namba hiyo hutolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ambao wengi mnaufahamu kwa jina la BRELA. Wakala huu ulianza kazi mwaka 1999. Sheria inayotumika ni Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Kampuni ikikamilisha masharti, Msajili huipa hati ya usajili. Kuanzia tarehe iliyoandikwa katika hati hiyo, kampuni inahesabiwa kuwa mtu mbele ya sheria: inaweza kumiliki mali, kukopa, kudai na kudaiwa, kushitaki na kushitakiwa kwa jina lake yenyewe. Lakini jina ambalo halikusajiliwa si mtu. Ukilipeleka mahakamani, ni sawa na kukishitaki kivuli.

Kwa Zanzibar, kazi hiyo hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali wa huko. Na kampuni iliyoandikishwa nchi ya nje, ikitaka kufungua ofisi na kufanya biashara huku kwetu, nayo lazima ijiandikishe kwa Msajili na kupewa hati yake. Kwa hiyo mnunuzi akikuambia, "Sisi kampuni yetu ni ya nje, hatuna hati ya hapa," hilo si jibu la kukuridhisha.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapochanganywa. Karatasi moja ya biashara inaweza kuwa na namba nyingi, na kila namba ina kazi yake.

Kwanza, ipo namba ya usajili wa kampuni, ambayo ndiyo tunayoizungumza. Kampuni nyingi jina lake huishia na neno Limited, au kwa kifupi Ltd.

Pili, ipo namba ya jina la biashara. Duka la pembejeo la mtu mmoja, au la watu wawili walioshirikiana, laweza kusajiliwa BRELA kama jina la biashara tu, siyo kama kampuni. Hilo si kosa. Lakini ujue tofauti yake: jina la biashara halina nafsi yake mbele ya sheria. Anayedaiwa ni mwenyewe mwenye duka. Kwa hiyo hapo hutosheki na jina la ubaoni. Andika jina kamili la mwenye biashara.

Tatu, ipo namba ya mlipakodi, ile inayoitwa TIN, ambayo hutolewa na Mamlaka ya Mapato. Hiyo ndiyo utakayoiona kwenye risiti ya mashine ya kielektroniki. Mtu binafsi anaweza kuwa nayo, hata dereva anaweza kuwa nayo. Mtu akikuonyesha TIN na kusema, "Hii hapa namba ya kampuni," mjibu kwa upole kwamba hiyo ni namba ya kodi, na wewe unaomba namba ya usajili.

Nne, ipo namba ya leseni ya biashara. Leseni inamruhusu mtu kufanya biashara fulani mahali fulani kwa muda fulani. Leseni huisha muda wake, kwa hiyo tazama tarehe.

Tano, vyama vyetu vya ushirika, yaani AMCOS, havisajiliwi BRELA. Hivyo husajiliwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Ukiitafuta AMCOS yako katika daftari la makampuni hutaiona, na hiyo haina maana kwamba ni ya uongo.

Je, namba ya kampuni utaipata wapi? Mahali pa kwanza ni kwenye hati yenyewe ya usajili. Humo mna jina kamili la kampuni, namba yake, na tarehe ya kusajiliwa. Mnunuzi wa kweli hatembei na hati halisi, lakini kivuli chake anacho, au anaweza kukileta kesho yake. Mahali pa pili ni kwenye mkataba. Mkataba mzuri huanza kwa kutaja kampuni kwa jina lake kamili na namba yake ya usajili. Kama nafasi hiyo imeachwa wazi, usitie sahihi wala dole gumba mpaka ijazwe. Ama karatasi yenye picha nzuri na muhuri mkubwa, hiyo si ushahidi. Muhuri huchongwa mjini kwa siku moja.

Ukishaipata namba, kazi haijaisha. Namba huhakikiwa. Tangu mwaka 2018 BRELA inasajili makampuni kwa njia ya mtandao, na kijana wako mwenye simu ya intaneti anaweza kufungua tovuti ya wakala huo na kutafuta kampuni kwa jina au kwa namba. Linganisha mambo matatu: jina liwe lile lile, herufi kwa herufi, namba iwe ile ile, na kampuni iwe bado hai katika daftari, kwa sababu Msajili ana uwezo wa kuifuta kampuni. Kama simu hiyo hamna, au mtandao unasumbua, nenda kwa afisa biashara wa halmashauri yako, au mtume afisa mtendaji wa kijiji akuulizie. Wakulima ishirini wanaweza kumtuma mtu mmoja, wakachangiana nauli. Nauli hiyo ni ndogo kuliko gunia moja la choroko.

Pengine mzee mmoja atasema, "Huyu bwana shamba anatuletea mambo ya mjini. Sisi tunamtazama mtu usoni." Mzee wangu, kuhakiki si jambo geni Usukumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa huku kwetu walipoona mizani ya wanunuzi inawapunja, waliweka wapimaji wao wenyewe wa kuyahakiki mizigo kabla hayajauzwa. Kutokana na juhudi hizo vikajengwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho kubwa la Victoria. Wazee wale hawakumtukana mnunuzi. Walipima kwanza, kisha wakauza. Leo biashara ya pamba iko wazi kwa makampuni binafsi tangu mwaka 1994, na mizani moja haitoshi tena. Inabidi kuipima na kampuni.

Lakini nisikudanganye. Kampuni kusajiliwa hakuna maana kwamba ni ya watu waaminifu, wala kwamba ina fedha. Usajili unakuambia kwamba ipo, na kwamba ukidai kuna wa kudaiwa. Basi. Kwa kazi fulani fulani, inatakiwa pia kibali cha kazi yenyewe. Mnakumbuka DECI, iliyowaambia watu wapande fedha kama mbegu halafu wavune zaidi. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na moja ya makosa yaliyopelekwa mahakamani lilikuwa kupokea amana za watu bila leseni. Watu walitazama jina na ofisi, hawakuuliza kibali.

Kwa hiyo, anayenunua pamba muulize kibali cha Bodi ya Pamba, na biashara hiyo ipitie kwenye AMCOS yenu. Anayeuza mbegu, tazama lebo ya Taasisi ya Udhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, kwenye mfuko. Anayeuza dawa ya kunyunyizia, awe ametambuliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Anayeuza mbolea, awe ametambuliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea. Na mahali ambapo mazao yanauzwa kwa stakabadhi ghalani, mtu anayekufuata nyumbani jioni na mzani wake begani, jiulize kwa nini hakupita ghalani.

Mtakumbuka pia msimu wa pamba wa mwaka 2019. Bei ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikashuka, na wakulima wengi wa kanda hii wakakaa miezi wakisubiri fedha zao. Wanunuzi wale walikuwa wanafahamika, na hata hivyo malipo yalichelewa. Lakini mkulima aliyekuwa na stakabadhi yenye kilo zake na jina la mnunuzi alikuwa na kitu cha kushika mkononi. Je, yule aliyempa mtu asiyejulikana angeshika nini?

Sasa, ndugu mkulima, fanya hivi. Tafuta daftari, lile la kawaida la shule. Kila unapotoa mazao kwa mali kauli, au unapopokea pembejeo za mkopo, andika mambo haya: jina kamili la kampuni na namba yake ya usajili, jina la mtu aliyekuja, cheo chake na simu yake, namba ya gari, uzito kwa kilo, bei, na tarehe ya kulipwa, na majina ya mashahidi wawili. Kisha mwambie naye atie sahihi katika daftari lako, kama wewe ulivyotia sahihi katika lake. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Na ukimwomba namba, tazama anavyokujibu. Mnunuzi mwema hakasiriki. Ameizoea, hata benki humwuliza. Anayekasirika, anayesema, "Kama huniamini niache," au anayekuharakisha kwamba gari linaondoka sasa hivi, mwache aondoke. Choroko iliyokaushwa vizuri na kuhifadhiwa vizuri hukaa ghalani. Ikishapanda gari la mtu usiyemjua, haina tena mwenyewe.

Akina mama, ninyi ndio mara nyingi mnaobaki nyumbani mnunuzi anapopita. Msione aibu kuuliza. Vijana, simu zenu zina kazi nyingine zaidi ya muziki. Wasaidieni wazazi kulitafuta jina hilo. Viongozi wa AMCOS, ingekuwa vema mkabandika ukutani, kabla msimu wa kununua haujafunguliwa, majina ya wanunuzi mliowahakiki pamoja na namba zao, ili kila mwanachama asome mwenyewe.

Kama una karatasi ya msimu uliopita ambayo hujalipwa, itoe leo uisome. Ikiwa ina namba, mpelekee afisa biashara aihakiki. Ikiwa haina, usiitupe. Ipeleke pamoja na majina ya mashahidi wako, mapema, kabla mashahidi hawajasahau.