Chuo Si Kujuana Tu

Kauli kwamba vijana huenda chuo kikuu kutafuta kujuana imezoeleka, na haikosi ukweli: mwenye ndugu ofisini husikia habari za nafasi ya kazi kabla haijatangazwa. Hata hivyo, Stacy Dale na Alan Krueger, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, waliwalinganisha vijana waliokuwa wamekubaliwa na vyuo vinavyofanana, vya hadhi ya juu na vya kawaida, kisha wengine wakaenda vyenye majina makubwa, vinavyosifika kwa kujuana, wengine wakachagua vya kawaida. Vipato vyao vya baadaye, kwa jumla, havikupishana sana. Ni kweli waliotoka familia maskini walinufaika zaidi na vyuo vikubwa, kwa hiyo kujuana si jambo la kubeza. Lakini hakuelezi yote.

Kinachobaki ni elimu yenyewe. Daktari anayempima uzito mtoto mwenye malaria ili akokotoe dozi hawezi kumpigia mjomba simu. Anategemea alichofundishwa, akakosea, akasahihishwa. Mhandisi anayekagua udongo kabla zege la msingi halijamwagwa, vivyo hivyo. Wapo watakaosema wahitimu wengi hawana ajira, na inauma. Ila uhaba wa ajira ni kasoro ya uchumi, na haitibiwi kwa kugeuza madarasa kuwa vijiwe vya kubadilishana namba za simu. Wazazi wanaouza mazao ili walipe ada wana haki ya kudai maabara zenye vifaa, maktaba zenye vitabu, na wahadhiri wanaosoma kazi za wanafunzi na kuzirudisha na masahihisho.