Kumtumaini Mungu Tusipoijua Kesho

Mada kwa wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi, Kanzenze, Wilaya ya Rubavu

Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie kumtumaini Mungu wakati kesho haijulikani. Hoja yangu naiweka mbele mapema ili tuipime pamoja: Mungu hakutuahidi kutufunulia kesho. Ametupa kazi ya leo, na ametupa sisi kwa sisi. Anayemtumaini hujulikana kwa jinsi anavyoishika kazi hiyo na jinsi anavyomshika mwenzake.

1. Kesho yetu hapa Rubavu

Watu wa wilaya hii hawahitaji kufundishwa kwamba kesho ina mwenyewe, na mwenyewe si sisi. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka, na usiku ule ule maelfu ya watu wa Goma, ng'ambo ya Kongo, wakavuka mpaka kukimbilia kwetu. Matetemeko yakafuata siku baada ya siku, yakapasua nyumba na barabara za Gisenyi. Wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuuona mlipuko wa 17 Januari 2002. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 mvua iliporomosha milima, mto Sebeya ukafurika, na katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini watu zaidi ya 130 wakafariki. Tarehe 27 Januari 2025 makombora ya vita vya Goma yaliangukia upande wetu, yakaua watu. Mpaka nao hufungwa na kufunguliwa. Ulipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, mama aliyezoea kuvuka alfajiri na beseni la mboga kichwani alibaki na mboga zake, na watoto wakabaki wakimtazama.

Tena udongo tunaoulima ni majivu na mawe ya volkano. Kinachotutisha ndicho kinachotulisha.

2. Shamba la Anathothi

Tufungue Yeremia sura ya 32. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu. Nabii amefungwa katika ua wa walinzi, naye amekwisha kutangaza kwamba mji utatekwa. Ndipo Hanameli, mtoto wa ami yake, anamjia na kumtaka anunue shamba lililoko Anathothi. Kwa hesabu za sokoni hiyo ni hasara tupu, maana nchi yote inaelekea mikononi mwa adui. Hata hivyo Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaandika hati, anaitia muhuri mbele ya mashahidi, kisha anamwagiza Baruku, mwandishi wake, aiweke katika chombo cha udongo ipate kudumu siku nyingi.

Nabii huyu hakujidanganya, kwani mji ulianguka kama alivyosema. Wala hakutenda muujiza. Alitenda mambo ambayo kila aliyewahi kununua kiwanja anayajua: fedha, hati, mashahidi, mahali salama pa kutunzia. Na alipokwisha kununua, alimwomba Mungu huku akimweleza wazi kwamba jambo lenyewe halimwingii akilini. Mungu hakumkemea kwa kuuliza. Alimjibu kwamba nyumba na mashamba vitanunuliwa tena katika nchi ile.

Mkulima wa viazi hapa kwetu anaielewa sura hii kuliko msomi. Wakati wa kuvuna hutenga viazi vya kadiri ya yai la kuku, visivyo na doa, navyo ni chakula kizuri ambacho nyumba ingekila jioni ile. Huvitandaza juu ya chanja, penye mwanga hafifu, mpaka vitoe machipukizi mafupi yenye nguvu. Kisha huvifukia. Hajui kama ugonjwa wa ukungu utaingia, wala bei itakuwaje siku ya kuuza. Lakini hupanda, hupalilia, hupulizia dawa, huomba. Huko ndiko kumtumaini Mungu kwa mikono.

3. Makosa mawili ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kuiuza kesho. Wako wahubiri wanaomtajia mtu mwezi wa kuolewa au siku ya kupata kazi, na sadaka hutangulia. Yakobo, katika sura ya 4, anawaonya wafanyabiashara wanaopanga faida ya mwaka mzima ilhali hawajui ya kesho. Ikiwa mwenye bidhaa mkononi anaonywa, je, asiye na chochote ila maneno? Kanisa lisimpe mimbari mtu wa namna hiyo.

Kosa la pili ni uvivu unaovaa joho la imani. Mtu hukataa kulipa bima ya afya ya mituweli, hukataa kikundi cha akiba, hukataa mpango wa akiba ya uzeeni wa Ejo Heza ulioanzishwa mwaka 2018, akisema Mungu atajua. Yusufu alimwamini Mungu, na alitenga sehemu ya 5 ya mavuno ya Misri kwa miaka 7 ya shibe. Akiba yake iliwalisha hata ndugu waliomuuza.

4. Mungu asipookoa

Hapa nasema kwa uchungu na kwa heshima. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikimbilia kanisa kuu la Nyundo, hapa Rubavu, wakitumaini nyumba ya Mungu, wakauawa humo. Tukifundisha kwamba mwenye imani hapatwi na baya, tunawatukana marehemu wale na kuwaumiza waliosalia. Waebrania sura ya 11 inawataja waliookoka makali ya upanga, na mara baada yao inawataja waliouawa kwa upanga, wote katika orodha moja ya imani. Tumaini letu linamshika Kristo aliyesulubiwa akafufuka. Kwa hiyo hata kaburi halilimalizi.

5. Mapendekezo

Nashauri tutoke hapa na maazimio matatu. Kwanza, kila kanisa liandike majina ya wazee, wajane, wagonjwa na walemavu wa eneo lake, na kwa kila jina liandike jirani atakayembeba siku ya kukimbia. Pili, kila kikundi kitenge mfuko wa dharura, hata ukiwa mdogo, usioguswa kwa jambo lingine. Tatu, tuwafundishe vijana wetu kuomba kwa maswali yao yote kama Yeremia, na kesho yake asubuhi waamkie shule, shamba au duka.

Kwa majadiliano ya vikundi: Ni kazi gani tumeiahirisha kwa kuogopa kesho? Ni nani miongoni mwetu anayeibeba hofu yake peke yake? Tusiondoke leo kabla maswali haya hayajapata majina na tarehe.