Mvua ya Munanila na Ukame wa Kutch

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya mwaka wa hekalu letu



Tumeombwa tuwaeleze habari za nchi waliyotoka wazee wetu, hali ya ardhi yake, watu wake na riziki yao. Tumekubali kwa sharti moja, kwamba tusiizungumze Kutch peke yake. Kutch ndiko alikozaliwa baba yetu, lakini sisi tulizaliwa na kulelewa Munanila, katika milima ya Uha, iliyokuwa Wilaya ya Kasulu na ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Buhigwe. Aliyezijua nchi mbili hawezi kuisifu moja bila kuikumbuka ya pili.

Tuanze na vipimo. Kutch, iliyo magharibi kabisa mwa Gujarat, ndiyo wilaya kubwa kuliko zote nchini India: kilomita za mraba 45,674. Mkoa wetu wa Kigoma, pamoja na sehemu yake ya ziwa, una kilomita za mraba 45,066. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu watu 2,092,371 katika Kutch. Sensa yetu ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,127,930 katika Kigoma. Ni kana kwamba mizani imewekwa mbele yetu, na pande zote mbili zimelingana. Tofauti ni kile ambacho Mungu ameweka juu ya kila upande.

Kutch amepewa jua na chumvi. Sehemu kubwa ya kaskazini yake ni Rann, uwanda mweupe wa chumvi ambao hufunikwa na maji wakati wa masika yao na kukauka kama sahani baada ya hapo. Mvua ya mwaka mzima ni milimita 400 hivi, na ipo miaka ambayo hata hiyo haifiki. Mkulima wa huko hupanda uwele, karanga, pamba na mbarika. Mfugaji huhama na nyati na ng'ombe wake akitafuta majani. Wanawake hushona nguo kwa nyuzi za rangi na vioo vidogo, na katika pwani ya Mandvi mafundi wangali wanaunda majahazi ya mbao, ndugu wa yale yaliyowaleta babu zetu Unguja kwa pepo za kaskazi.

Munanila amepewa maji. Vilima vyake vimepita meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua huanza Oktoba au Novemba ikaendelea hadi Mei, ikipita milimita 1,000 kwa mwaka. Asubuhi ukungu hulala mabondeni hata huwezi kuona migomba ya jirani. Vijito hushuka kila upande, na katika milima hiyo hiyo ya mpakani mwa Burundi ndimo unamoanzia mto Malagarasi, ambao huzunguka safari ndefu kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika. Maharage, mahindi, mihogo, ndizi na kahawa hustawi. Mzee wetu alipofika hapo mara ya kwanza, alisimama katika mvua bila mwavuli, watu wakamdhania mgonjwa. Hawakujua kwamba alitoka mahali ambapo mvua ni mgeni anayesubiriwa mwaka mzima.

Basi swali letu la leo ni hili: mbona nchi yenye maji haikutajirika kuliko nchi yenye ukame?

Jibu halimo katika uvivu wa mtu yeyote. Waha ni watu wa kazi tangu zamani. Walikuwa na Mwami wao Heru Juu, walifuga ng'ombe wenye pembe ndefu, walifua majembe, na chumvi ya Uvinza ilijulikana katika eneo hili kabla hajafika mgeni. Lakini reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, na baada ya vita vile Waingereza wakashika utawala, milima hii ilifanywa ghala la vibarua. Vijana walipanda treni kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Huko Kutch nako, vijana walipanda jahazi. Wote wawili waliondoka kwa sababu ya shida. Lakini aliyetoka Kutch alikwenda kufanya biashara yake mwenyewe, na Mha alikwenda kukata mkonge wa mtu mwingine. Mmoja alirudisha mtaji nyumbani. Mwingine alirudi na blanketi na baiskeli.

Fedha iliyorudi ndiyo iliyoijenga Kutch. Katika vijiji kama Madhapar na Baladia utakuta benki nyingi, zenye akiba za watu waishio Nairobi na London. Visima, shule na zahanati vimechimbwa na kujengwa na watoto waliokwenda mbali. Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 lilipobomoa Bhuj na vijiji vingi, waliokuwa ng'ambo hawakungoja kuombwa. Na kuhifadhi ni desturi ya kale huko: katika magofu ya Dholavira, yaliyoingizwa mwaka 2021 katika orodha ya Urithi wa Dunia, yamo matangi makubwa ya maji yaliyochongwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mtu wa Kutch alijifunza mapema kwamba neema isiyowekwa akiba ni sawa na neema isiyokuja.

Hapa sasa hatuna budi kusema jambo ambalo katika sherehe kama hii kwa kawaida halisemwi.

Duka letu la Munanila liliuza chumvi, kaniki, vitenge, mafuta ya taa na majembe. Pia lilinunua maharage. Mwezi wa Juni, mavuno yakiwa mengi na kila nyumba ikihitaji fedha ya kodi na nguo, tulinunua debe kwa bei ya chini. Mwezi wa Novemba, vihenge vikiwa vitupu, tuliwauzia watu wale wale kwa bei ya juu. Mwaka mmoja mama mmoja jirani aliingia kununua, akaliona gunia lenye kiraka cheusi cha kaniki alichokishona kwa mkono wake. Alikigusa kile kiraka, akatabasamu, akasema, "Maharage haya na mimi tunajuana." Akalipa. Baba yetu alipokea fedha yote. Hakuvunja sheria yoyote, naye alikuwa mtu mwaminifu wa mizani. Lakini jioni ile hakula.

Mwaka 1976 maduka ya watu binafsi vijijini yalipopisha maduka ya ushirika, tulifunga mlango tukahamia mjini. Asubuhi ya kuondoka, mama yule yule alituletea pishi mbili za maharage ya njiani, akakataa senti zetu. Mtaji tulioanzia mjini ulitoka katika magunia yale. Tumeulizwa mara nyingi kwa nini wafanyabiashara wa asili yetu hupeleka fedha Kutch. Leo tunajiuliza wenyewe kwa nini hatukupeleka Munanila, ambako ndiko tulikoipata.

Tunatoa pendekezo moja. Seva, yaani utumishi usiodai malipo, haichagui bara. Barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa kilomita 260 hivi, itawafikisha wanunuzi wengi kuliko wa zamani. Mkulima asiye na mahali pa kuweka mavuno atauza Juni, kama zamani, ila kwa magari makubwa zaidi. Kwa hiyo tunaomba hekalu letu, likishirikiana na wanakijiji na chama chao cha ushirika, lisaidie kujenga ghala moja Munanila: sakafu kavu, paa zuri, mizani ya haki, na utaratibu wa stakabadhi ghalani, ili mkulima aweke gunia lake na kungoja bei. Ghala liwe mali yao, wala lisiandikwe jina letu ukutani. Familia yetu imekwisha kuweka fungu lake la kwanza mikononi mwa Mwekahazina.

Kutch ilichimba matangi kwa ajili ya mvua iliyokuwa haba. Munanila ina mvua tele. Inayokosa ni mahali pa kuhifadhi kile ambacho mvua hiyo imekizaa. Tukilijenga ghala hilo, na mwezi wa Novemba mama mmoja akafungua gunia lake mwenyewe bila kulilipia, tutakuwa tumerudisha pishi moja katika zile mbili.

Mungu aibariki milima ya Uha, na aiweke mvua yake.